Kamera ya zumu kubwa kwa mtu wa Kigoma: nichukue P900, FZ82 au FZ1000?

Mwalimu wa Ujiji

Mwakeye wadau, na shikamooni mlionizidi umri.

Naombeni ushauri kabla sijatoa hela. Nafundisha jiografia sekondari hapa Ujiji, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiweka akiba ya kamera kidogo kidogo. Sasa nina milioni moja na laki mbili. Sitaki kamera ya kubadilisha lenzi. Nilishatembea na mwenzangu mwenye nayo: lenzi tatu, begi zima bega moja, na kila akifungua kubadilisha pale ufukweni upepo unampelekea mchanga. Mimi nataka kamera moja, lenzi isiyotoka, inayoweza kupiga darasa zima na pia ndege aliyetua kileleni. Wenyewe wanaziita kamera za briji.

Nieleze na kazi yake, maana ukiuliza "kamera ipi nzuri" bila kusema ya kupigia nini, kila mtu anakutajia aliyonayo.

Kwanza ni baba yangu. Ni mvuvi wa dagaa, yuko Katonga, ana miaka 68 na bado anaingia ziwani. Sina picha yake hata moja akiwa kwenye mtumbwi. Zote ni za harusini, amevaa koti, kasimama wima kama anapigiwa kitambulisho. Namtaka akiwa anarudi alfajiri, angali mbali, hajajua kwamba namtazama. Namtaka pia akishona nyavu siku za mbalamwezi, zile siku ambazo mwezi unazidi nguvu taa zao, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wanashinda nyumbani.

Pili, Julai napeleka wanafunzi 22 Gombe. Nataka warudi na picha za sokwe walizopigiwa na mwalimu wao, si za kuchukua mtandaoni.

Tatu ni safari. Dada yangu kaolewa Tabora, naenda kwa treni mara mbili kwa mwaka, na kuna vitu vya dirishani navionea uchungu kila nikipita: mto Malagarasi, na wale kina mama wa Nguruka wanaoinua mabeseni kichwani hadi usawa wa behewa.

Nimebakiwa na tatu. Nikon P900 iliyotumika, zumu mara 83, yaani milimita 24 hadi 2000. Panasonic FZ82 mpya, mara 60, milimita 20 hadi 1200. Na Panasonic FZ1000 iliyotumika, mara 16 tu, milimita 25 hadi 400. Muuzaji mmoja aliniambia hiyo ya tatu niiache, zumu yake fupi. Nami moyo umeelemea P900. Mnasemaje?

Kijana wa Mwanga

Dada mwalimu, chukua P900 ulale. Jamaa yangu anayo. Tulikaa juu ya paa lao usiku, akavuta mwezi mpaka ukakaribia kujaa kioo, mashimo yake unayahesabu. Hiyo ya mara 16 utavuta nini?

Nahodha wa Kibirizi

Mwalimu, marahaba, na pole na kazi. Mimi napeleka wageni Gombe kwa boti kutoka Kibirizi, mwaka wa kumi na moja huu. P900 ninayo, na FZ1000 ninayo pia, kwa hiyo nazisema kwa kuzishika.

Namba ya zumu ndiyo inayouza hizi kamera, na ndiyo inayowapoteza wengi. Nikupe hesabu ndogo niliyofundishwa na mgeni mmoja, wewe mwalimu utaipenda. Chukua umbali wa unachopiga, zidisha kwa 36, gawa kwa milimita za lenzi. Unapata upana wa eneo litakaloingia kwenye picha.

Haya, twende Gombe. Sheria ya hifadhi ni kukaa mita 10 kutoka kwa sokwe. Mita 10 mara 36, gawa kwa 400, unapata senti 90. Huyo ni sokwe kichwa na mabega, amejaa picha. Ukivuta mpaka 2000 unapata senti 18, yaani uso mtupu, hata kichwa kizima hakiingii. Nani anataka hiyo? Kwa hiyo Gombe zile 2000 hutazigusa kabisa.

Kinachokosekana Gombe ni mwanga. Watu wanafika na picha za mbuga za Serengeti kichwani, wanadhani kila mnyama anakaa juani. Gombe ni mabonde yenye msitu mzito, sokwe ni mweusi, amekaa chini ya majani, na haruhusiwi kupigwa flashi. Pale ndipo sensa inapofanya kazi, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. Sensa ya P900 na ya FZ82 ni ndogo, inchi 1/2.3 wanavyoiita. Ya FZ1000 ni ya inchi moja, eneo lake ni mara nne hivi ya zile. Halafu lenzi yake tundu linafunguka f/2.8 mwanzoni (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana na mwanga ni mwingi), na hata ukivuta mwisho inabaki f/4. P900 ukiivuta mwisho inafika f/6.5.

Maana yake ni hii. Mtoto wa sokwe hatulii, unahitaji shata (muda kamera inaopokea mwanga) ya 1/250 ya sekunde au kasi zaidi, la sivyo mikono yake inakuwa moshi. Kwa P900 kwenye giza lile kamera inapandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, mpaka picha inajaa chengachenga, kisha inajaribu kuzifuta chengachenga zile, na inafuta manyoya pamoja nazo. Unabaki na sokwe kama wa plastiki. Nimeona wageni waliotoka mbali sana wakiangalia picha zao kwenye boti wakati wa kurudi, na nyuso zinabadilika. Inaniuma mno, kwa sababu mtu anapata saa moja tu na wale wanyama.

Na usidanganywe na kile kifaa cha kuzuia mtikisiko. Kinazuia mtikisiko wa mkono wako. Sokwe akigeuza kichwa hakimzuii.

FZ82 ni nyepesi, gramu 616 hivi, wakati hizo mbili zingine zinapita gramu 800. Kwa mtu wa kupiga mchana tu ingefaa. Kwako sioni.

Jambo moja la haraka: kama ziwa litafungwa kama 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, baba hutampata mtumbwini hiyo Julai. Mpige kabla.

Mwalimu wa Ujiji

Nahodha, Mungu akubariki. Hesabu yako nimeiandika ubaoni leo Kidato cha Tatu, wamepima wenyewe kwa kamba uwanjani.

Lakini nimepiga na hesabu ya baba, ikanitia wasiwasi. Akiwa mita 300 kutoka ufukweni, kwa 400 naona upana wa mita 27. Mtumbwi wake hauzidi mita nane. Atakuwa mdogo katikati ya maji. Kwa 1200 napata mita tisa, mtumbwi unajaa sawasawa. Hapo zumu fupi si imeshanishinda? Na kuna yule ndege kwazi, tai mla samaki, anayetua kwenye nguzo ya zamani pale Katonga. Namtamani tangu nikiwa mtoto.

Studio Tabora

Salaam kutoka Unyanyembe. Napiga harusi na mahafali, na siku nyingine nawafuata ndugu zangu wanaorina asali porini.

Naongeza kitu ambacho hapo juu hakijasemwa: hewa. Mchana wa kiangazi ukivuta kitu kilicho mbali, unakuwa unapiga picha ya joto. Ile hewa inayocheza juu ya barabara saa nane, mazigazi, ndiyo inayoingia kwenye lenzi. Hakuna kamera inayoitoa. Nilipata kupiga treni ikiingia, iko kilomita moja na nusu, milimita 1200. Reli zimepinda kama nyoka. Nikarudi kesho yake saa moja asubuhi, kamera ileile, reli zimenyooka. Ziwani kwenu naamini ni hivyohivyo, na Septemba mna moshi wa kuchoma nyasi juu yake. Anayenunua 2000 ili aone milima ya Kongo, ajue ataiona vizuri siku chache za masika, mvua ikishaosha hewa.

Ila mimi ningemshauri mwalimu aangalie nyingine: Panasonic FZ300, kwingine inaitwa FZ330. Milimita 25 hadi 600, na tundu linabaki f/2.8 mwanzo hadi mwisho. Tena imezibwa isipenye vumbi wala matone ya maji. Hizo tatu alizotaja hakuna iliyozibwa. Mtu wa boti na ufukwe anahitaji hilo kuliko yote. Kasoro ni megapikseli 12, na sensa ni ileile ndogo.

Nahodha wa Kibirizi

Mkuu wa Tabora umesema kweli kuhusu kuzibwa, na sitabishana. Kamera yangu ya kwanza ya zumu niliipoteza kwa mchanga. Niliivuta ikiwa ufukweni Kibirizi, pale wanapoanika dagaa, upepo wa saa tisa ukapita. Nikasikia krrr, lenzi ikakwama ikiwa nje, haikurudi tena. Fundi akaifungua akanionyesha punje tatu za mchanga kwenye jino la gia. Punje tatu tu.

Lakini tufanye hesabu ya mwanga. Kutoka f/4 hadi f/2.8 ni hatua moja, yaani mwanga mara mbili. Kutoka sensa ndogo hadi ya inchi moja ni hatua mbili, mara nne. Kwa hiyo FZ1000 bado inaizidi FZ300 kwa hatua moja, hata zote zikiwa zimevutwa mwisho. Msituni hatua moja ni tofauti ya shata ya 1/125 na 1/250. Hapo ndipo mkono wa sokwe unapoonekana ama unapotea. Ubaki na FZ1000, uifunike kwa mfuko wa nailoni wenye tundu la lenzi, na usiivute upepo ukivuma mchanga.

Kuhusu baba: mwalimu, FZ1000 ina megapikseli 20, picha ina vidoa 5,472 kwa upana. Mtumbwi wa mita nane kwenye mita 27 utachukua vidoa 1,600 hivi. Ukikata pembeni, unabaki na picha ya kuchapa saizi ya postikadi, na safi. Ikiwa alfajiri, nitaichukua hiyo kabla ya ile ya milimita 2000 iliyojaa chengachenga.

Kwazi ni kweli, hapo utamkosa. Sikufichi. Kwa ndege wa mbali juani P900 haina mpinzani kwa bei yake, na ndiyo sababu sijaiuza. Tena ina kitufe pembeni mwa lenzi: ndege akikupotea ukiwa umevuta, unakibonyeza, picha inarudi nyuma unamwona yuko wapi, ukiachia inavuta tena.

Usichague kwa maneno yangu. Jumamosi njoo Kibirizi saa kumi na mbili asubuhi, mitumbwi ikirudi. Nitaleta zote mbili. Uje na memori kadi yako.

Mama Picha

Mwanangu mwalimu, shika na haya kwa kuwa unanunua iliyotumika. Nimeuza na kununua kamera miaka mingi.

Vuta zumu ndani nje mara ishirini, sikio likiwa karibu. Ikikwaruza, iache hata wakikupunguzia. Washa tochi ya simu, iangazie kwenye lenzi kutoka mbele kwa pembeni: ukiona nyuzinyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wa ziwa kwenu itaendelea kula. Piga ukuta mweupe, kuza picha, tafuta doa linalokaa mahali palepale kila picha. Kwenye lenzi isiyotoka, vumbi likiingia kwenye sensa huwezi kulisafisha mwenyewe. Chungulia kwenye kile kijicho, usitazame kioo tu, wengi wanasahau. Toa betri uilaze mezani. Ikiyumba imevimba.

Nyumbani iweke kwenye dumu la plastiki lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu wanavyoweka kwenye viatu. Mchele usiutumie, una vumbi.

Mwalimu wa Ujiji

Nimekawia kurudi, mitihani ilinibana. Naleta mrejesho.

Jumamosi ile nilikwenda. Nahodha alikuwepo, kamera mbili shingoni. Kulikuwa bado na ubluu wa alfajiri, mitumbwi inaingia mmoja mmoja. Nilianza na P900 kwa sababu bado ndiyo niliyokuwa naipenda. Niliuvuta mtumbwi uliokuwa mbali kabisa, nikapata mtu kajaa kwenye picha, nikafurahi. Nilipoikuza kwenye kioo, uso wake ulikuwa umepakwa tu, kama rangi ya maji iliyolowa. Macho hayapo, kuna vivuli viwili.

Halafu nikashika FZ1000. Mtumbwi uleule ulikuwa mdogo, kama nilivyohofia. Nikasubiri. Ulipofika mita 40 hivi nikapiga wakati kijana mmoja anaruka majini kuushika. Nimeikuza picha hiyo mara nyingi sana tangu siku ile. Kuna magamba ya dagaa yamemng'ang'ania kwenye mkono, kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, na kila gamba lina chembe ya mwanga wake. Sikuyaona kwa macho yangu. Niliyaona kwenye picha.

Saa tatu, jua likiwa limepanda, kwazi akaja kutua kwenye mlingoti wa boti. Hapo P900 ikanipa kucha, jicho, hata tone la maji kwenye mdomo. FZ1000 ikanipa ndege mdogo kwenye mlingoti. Nilisimama na kamera mbili mkononi nikashindwa kusema neno kwa muda.

Nilichukua FZ1000. Ya kwanza niliyoletewa ilikuwa na nyuzinyuzi ndani ya lenzi, tochi ya Mama Picha ikazionyesha wazi, nikamrudishia mwenyewe. Ya pili ilikuwa safi, laki tisa na nusu. Pesa iliyobaki nimenunua memori kadi mbili na mfuko wa kuziba. FZ330 ya ndugu yetu wa Tabora niliitafuta na sikuipata yenye hali nzuri, ningeipata huenda ningetikisika.

Baba nilimpata siku za mbalamwezi, ugani kwake Katonga, chini ya mwembe. Alikuwa anatia kiraka. Wavu kaukaza kwa kidole gumba cha mguu, sindano ya mbao mkononi, uzi umeshikwa na meno. Nilikaa mita sita mbali, nikavuta, nikapiga kumi na nne. Mwanga ulikuwa unapita kwenye majani, hautoshi, na bado nyuzi zinahesabika.

Jioni nikamwonyesha. Nilidhani ataangalia uso wake. Aliikuza kwa vidole kwenye simu yangu, akaisogeza hadi kwenye kona ya kiraka, akaitazama kimya. Kisha akasema, "Hapa fundo limelegea." Akaenda kuuchukua wavu, akakuta ni kweli, akaanza kulifungua palepale sebuleni.

Hiyo ndiyo nimeichapa. Iko ukutani kwake, juu ya redio.

Sasa naomba mnisaidie jambo la mwisho kabla ya Julai: betri moja inanifikisha picha mia tatu hivi, na Gombe tutalala usiku mmoja. Kati ya betri za kampuni na zile za bei nafuu, ni zipi mliotumia zikadumu bila kuvimba kwa joto letu?